Kijiji, mtaa na Ukumbi wa Msekwa: ni wapi Dodoma maoni yako yana nguvu

Mwananchi wa mkoa wa Dodoma haishi kuitwa atoe maoni. Leo ni mpango wa matumizi bora ya ardhi huko Chamwino, kesho urasimishaji wa makazi pembezoni mwa jiji, keshokutwa muswada ulio mbele ya kamati ya Bunge. Viti vinapangwa, kipaza sauti kinazunguka, daftari la mahudhurio linasainiwa. Kwa macho mikutano hii yote inafanana, lakini kisheria imetofautiana sana. Tathmini hii ni ya mtu anayepanda bodaboda au basi kwenda kusema neno lake: ajue kabla hajatoka nyumbani kama anakwenda kuamua, kushauri, au kuhesabiwa tu kwamba alikuwepo.

Kipimo tulichotumia ni kimoja. Ukumbi ukisema hapana, kuna kitu kinasimama? Ukarimu wa mwenyekiti, wingi wa wazungumzaji na ubora wa chakula cha mchana havikupewa uzito wowote.

Kipimo hicho kinatokana na historia ya mabaraza yaliyoundwa makusudi yasiwe na meno. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Baraza la Wawakilishi wa Wenyeji la Afrika Kusini, lililozaliwa na sheria ya 1936, ile ile iliyowafuta Waafrika wa jimbo la Cape kwenye daftari la pamoja la wapiga kura. Lilikuwa na wajumbe 22: Waafrika 12 wa kuchaguliwa, Waafrika 4 wa kuteuliwa na serikali, na maofisa Wazungu 6, mmoja wao akiwa ndiye mwenyekiti. Wajumbe wake walikuwa watu makini. Walisoma miswada, wakachambua bajeti, wakapitisha maazimio mwaka baada ya mwaka, na serikali ikaendelea na sheria zake za pasi (vibali ambavyo Mwafrika alilazimika kutembea navyo) na za ardhi kama kwamba hakuna aliyesema kitu. Mjumbe mmoja, Paul Mosaka, alilifananisha na simu ya kuchezea watoto: unaongea, na upande wa pili hakuna mtu. Agosti 1946, wachimbaji wa dhahabu walipogoma na kupigwa risasi na polisi, wajumbe waliahirisha vikao kupinga. Mwaka 1951 baraza likafutwa kwa sheria nyingine.

Kwetu pia lilikuwepo la namna hiyo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, wajumbe wake wote wakiwa wa kuteuliwa na maofisa wa serikali wakiwa wengi kuliko wengine. Mwafrika wa kwanza hakuingia hadi 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Kwa karibu miaka 20 nchi ilitungiwa sheria na baraza ambalo wenyeji hawakuwa na hata kiti kimoja.

Katika mifano hii maswali ya kuuliza ni yale yale: nani ameitisha kikao, nani anakiongoza, nani anashika kalamu ya muhtasari, na nani analazimika kujibu. Sasa twende kwenye kumbi zetu.

Mkutano mkuu wa kijiji

Huu ndio bora kuliko wote, na ndio unaodharauliwa kuliko wote. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu kabisa katika mambo yote ya sera ya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na ndio wenye mamlaka ya kuwaondoa. Unapaswa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu.

Nguvu yake inaonekana zaidi kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu iliyotolewa kwanza. Neno "kwanza" lishikeni. Idhini inayoombwa baada ya mtu kuwekewa mipaka si idhini tena, na mtu yeyote mkutanoni ana haki ya kuuliza tarehe ya kikao cha halmashauri na tarehe ya ugawaji, kisha azilinganishe.

Ipo namba moja ambayo kila mwanakijiji wa Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa na Chamwino anapaswa kuijua kama anavyojua msimu wa kupanda uwele: hekta 250. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, tuseme kwa ajili ya mwekezaji, na eneo likawa chini ya hekta 250, mkutano mkuu unakubali au unakataa, na ukikataa jambo linasimama. Eneo likizidi hekta 250, mkutano ule ule, chini ya mti ule ule, na watu wale wale, unageuka kuwa mshauri: unapeleka mapendekezo kwa Waziri, naye ndiye anayeamua. Hekta 250 ni kama ekari 618. Ombi la ekari 600 mnaliamua nyinyi. La ekari 650 mnalishauri tu. Kwa hiyo mgeni akitaja ukubwa wa eneo, msikubali "shamba kubwa kiasi" wala "kuanzia mbuyu hadi korongo". Ombeni ramani ya mpimaji na ukubwa kwa hekta, viandikwe kwenye muhtasari kabla mjadala haujaanza. Ombi likija limekatwa vipande viwili vinavyopakana, ulizeni kama mwombaji ni mmoja.

Hata juu ya hekta 250 kijiji hakijafungwa mikono yote. Sheria inasema ardhi ya kijiji haihamishwi kabla aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na muda wa kuilipa havijakubaliwa. Vijiji vingi hubishania kiasi peke yake, namna na muda vikaachwa hewani, na hapo ndipo miaka inapopotelea. Andikeni vyote vinne, kila kimoja kwenye mstari wake.

Mapungufu yapo, na karibu yote yako kwenye uendeshaji. La kwanza ni kalenda. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na mkutano unaoitishwa katikati ya palizi unawakuta watu wako kwenye mashamba ya mbali. Waliobaki kijijini wanapitisha jambo kwa niaba ya waliopo shamba. Jambo la ardhi likija Januari, ombeni lisogezwe. Hakuna sheria inayolazimisha lijadiliwe siku hiyo hiyo.

La pili ni daftari la mahudhurio. Karatasi ya majina na saini, ambayo mara nyingi hutumika pia kulipia posho au soda, inaweza kuambatishwa kwenye muhtasari na kusomeka huko juu kama orodha ya waliokubali. Dawa yake ni ndogo: kichwa cha karatasi kiandikwe "mahudhurio tu", pamoja na tarehe na namba ya ajenda, kabla mtu wa kwanza hajasaini. Karatasi isiyo na kichwa usiisaini.

La tatu ni kunyoosha mikono. Wengi wape, lakini wahesabiwe kwanza. Muhtasari unaosema "wananchi waliafiki kwa kauli moja" haumsaidii mtu yeyote siku shauri linapofika baraza la ardhi. Unaosema waliokubali ni kadhaa, waliokataa kadhaa na wasiopiga kura kadhaa, kila kundi na idadi yake, una uzito. Azimio lisomwe kwa sauti, neno kwa neno, kabla mwenyekiti hajafunga kikao, maana mtendaji wa kijiji ndiye katibu na ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Akiandika azimio usiku nyumbani kwake ataandika anavyokumbuka. Kwenye kikao kinachofuata msiruke "kuthibitisha muhtasari" na "yatokanayo" kwa haraka ya kuwahi ajenda mpya. Hizo ndizo ajenda ambazo jana inaweza kusahihishwa.

Kuna tatizo jingine ambalo mbinu za vikao haziliponyi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa hana sababu kubwa ya kuogopa mkutano wake, na mkutano usioogopwa unaanza kuwa wa taarifa hata kama sheria imeupa mamlaka. Tunasema hivi kwa uzito wote: mkutano mkuu wa kijiji ni chombo ambacho nchi nyingi hazina, na unaweza kufa ukiwa na sheria zake zote mfukoni.

Mkutano wa mtaa

Ukitoka Chamwino kuingia mipaka ya jiji, sheria inabadilika hata kama shamba halijabadilika. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, na Jiji la Dodoma lina kata 41 na mitaa 222. Maeneo kama Hombolo, Nala na Mpunguzi bado yana mashamba ya zabibu na mifugo, na maisha ya watu wengi huko ni ya kijijini. Kiutawala ni mitaa. Mtaa uko chini ya Sheria ya Mamlaka za Miji Na. 8 ya 1982: kamati yake ina wajumbe wasiozidi sita, na kazi zake ni kutekeleza sera za halmashauri, kuishauri halmashauri kuhusu mipango ya maendeleo, kusimamia usalama na kutunza rejista ya wakazi. Mtaa haumiliki ardhi, hautungi sheria ndogo, na mkutano wake hauna ile kura ya chini ya hekta 250.

Kwa kipimo chetu mkutano wa mtaa ukisema hapana, kwa kawaida hakuna kinachosimama. Ni baraza la ushauri, na ni haki ya wakazi kuambiwa hivyo mapema. Dodoma jambo hili lina historia yake. Tangu 1973 ardhi ya mji ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa kwa amri ya Rais, na mwenye kiwanja alipewa hati ya miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, na hati za miaka 99 zikaja. Hiyo ilikuwa hatua nzuri kwa mkazi: sasa mwenye uamuzi wa ardhi ni halmashauri yenye madiwani wa kuchaguliwa. Mkutano wa mtaa wenyewe haukuongezewa chochote.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa utumieni kwa kile unachoweza. Upimaji au utwaaji ukitangazwa, mkutano huo ni mahali pa kupata ramani, jina la mthamini, tarehe ya kufanyiwa uthamini na jina la ofisa wa jiji anayesimamia. Sahihisheni majina pale pale, maana jina lililokosewa herufi kwenye fomu ya fidia linasumbua benki baadaye. Shikeni tarehe ya kuidhinishwa uthamini: fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 inaanza kudaiwa riba, na uthamini ukipita miaka 2 bila malipo unapoteza nguvu na unapaswa kurudiwa. Mkitaka uamuzi, msiishie mtaani. Azimio la mtaa lipelekwe kwa diwani kwa maandishi, lipite kamati ya maendeleo ya kata, liingie kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipango miji, kisha baraza la madiwani. Huko ndiko mikono inakonyooshwa na kitu kikasimama.

Wapo wanaodai tiba ni kuongeza wajumbe wa kamati ya mtaa. Waangalie Saudi Arabia. Baraza la Shura la Riyadh lilianza kazi 1993 na wajumbe 60, wakafikia 150 mwaka 2005, na 2013 wakaingia wanawake 30. Wote wanateuliwa na mfalme, na maazimio yao yanapelekwa kwa mfalme. Viti vimezidi maradufu, mwenye saini ni yule yule.

Wengine wanasema tiba ni uchaguzi. Hapo hoja ina nguvu zaidi, lakini Hong Kong inafundisha. Mabaraza ya wilaya ya huko ni ya ushauri, na sheria yao ya msingi inaeleza kwamba si vyombo vya mamlaka ya kisiasa. Novemba 2019 zaidi ya asilimia 71 ya wapiga kura walijitokeza na wapenda demokrasia wakapata viti 388 kati ya 452. Serikali ikabadili kanuni. Desemba 2023 viti vya kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi vilikuwa 88 tu kati ya 470, na waliojitokeza hawakufika asilimia 28. Baraza la ushauri linaweza kuchaguliwa kwa haki kabisa na bado mwenye ukumbi akahamisha viti, kwa kuwa baraza lenyewe halina sheria ya kumzuia.

Kikao cha wadau mbele ya kamati ya Bunge

Faida ya kuishi Dodoma ni kwamba ukumbi huu uko jirani. Mtu wa Songea analala njiani, wewe unafika asubuhi kwa daladala. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye kamati ya kudumu, na kamati huwaita wadau, mara nyingi katika Ukumbi wa Msekwa au kumbi nyingine za Bunge. Wadau wanashauri, kamati inapendekeza, Bunge linapiga kura. Hapa hakuna udanganyifu: unajua wewe si mpiga kura. Swali ni kama ushauri wako unafika kwenye maandishi ya sheria.

Unafika, ukiuandika vizuri. Hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa wakulima inapotea. Kinachobaki ni jedwali lenye safu nne: namba ya kifungu cha muswada, maneno yaliyopo, tatizo lake kwa sentensi mbili, na maneno mapya unayopendekeza yakiwa tayari kunakiliwa. Safu ya nne ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu mbunge au mwanasheria wa kamati anaweza kuibeba moja kwa moja kwenye jedwali la marekebisho. Chagua vifungu vitatu au vinne, usijaze ishirini. Andaa muhtasari wa ukurasa mmoja juu ya jedwali, na ujifunze kusema hoja kuu kwa dakika tatu, maana wadau wakiwa wengi muda unakatwa. Peleka maandishi kwa Katibu wa Bunge hata kama hutapata nafasi ya kuzungumza, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mabaya yake ni muda. Kwa kawaida muswada unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali walau siku 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, lakini ukija na hati ya dharura iliyosainiwa na Rais kipindi hicho hakingojewi. Miswada mitatu ya rasilimali na madini ya 2017 ilikwenda kwa njia hiyo, na mwanzoni mwa Julai ilikuwa imeshapita. Kikundi cha wachimbaji wadogo hakiwezi kusoma, kukutana, kukubaliana na kuandika jedwali kwa siku chache namna hiyo. Msisubiri tangazo. Sheria zinazowagusa zisomeni sasa, jedwali la msingi liwe tayari, na muswada ukitoka mbadilishe namba za vifungu tu.

Jeraha kubwa zaidi la ukumbi huu ni la Katiba. Mwaka 2013 mabaraza ya katiba yalikaa wilaya kwa wilaya kujadili rasimu ya Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba. Rasimu ilipendekeza muundo wa serikali tatu. Bunge Maalumu likakutana hapa Dodoma 2014, na Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba mwaka huo ikatoka na serikali mbili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na haijapigwa. Maelfu walishauri na hakuna aliyetakiwa kisheria kuwaandikia kwa nini pendekezo lao limeachwa. Kama kuna kanuni moja ya kupigania kabla ya mchakato mwingine kuanza, ni hiyo: anayekataa maoni achapishe sababu, kifungu kwa kifungu.

Mabaraza ya wafanyakazi, kwa kifupi

Watumishi waliohamia na wizara wanauliza juu ya haya pia. Yana asili yake kwenye Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970. Mwenyekiti kwa kawaida ni mkuu wa taasisi, yaani mwajiri, na kikao kinashauri juu ya bajeti, maslahi na mazingira ya kazi. Ni pazuri kwa kuona bajeti kabla haijafungwa. Madai ya mshahara yabaki kwa chama cha wafanyakazi. Ukiyaweka mikononi mwa baraza linaloongozwa na anayedaiwa, umeyapunguzia nguvu mwenyewe.

Baada ya kikao chochote kati ya hivi

Omba nakala ya muhtasari ndani ya wiki ile ile. Ukizungushwa, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Barua iwe ya ukurasa mmoja: jina lako na anwani, taja kwamba wewe ni raia wa Tanzania kwa kuwa haki hiyo ni ya raia, tarehe na mahali pa kikao, namba ya ajenda, na maneno "naomba nakala ya muhtasari uliothibitishwa pamoja na orodha ya mahudhurio". Ielekeze kwa ofisi inayoutunza: mtendaji wa kijiji au wa mtaa, mkurugenzi wa halmashauri, au Katibu wa Bunge. Chukua muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, maana ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30 na siku zinahesabiwa tangu barua ilipopokelewa. Usiombe "taarifa zote za mradi". Ombi pana hurudishwa kwa maelezo kwamba halieleweki. Omba karatasi moja yenye tarehe moja, na ukiipata ndipo uandike barua ya pili.